Stendi ya Gita Inayumba, Inaachia, Inaacha Alama: Tafuta Chanzo Kabla ya Kuongeza Skrubu

Stendi ya gita ya kujitengenezea ni kazi ya wikendi moja. Mbao za mbili kwa mbili, skrubu, gundi, msasa na vanishi kidogo. Ikifika Jumapili jioni gita limeshasimama sebuleni na picha imeshatumwa kwa marafiki. Malalamiko huja baadaye. Mwezi unapita, au miwili, ndipo mtu anauliza mbona stendi inayumba, mbona kiungo kimeachia, mbona gita lina doa pale lilipoegemea. Na karibu kila anayeuliza huwa ameshajaribu dawa ileile: ameongeza skrubu.

Skrubu ya ziada huficha tatizo kwa muda, kisha huliongezea ufa. Ndiyo maana mwongozo huu umepangwa kwa dalili. Tafuta yako, anza na ukaguzi wa mwanzo, na usiruke kwenda kwenye patasi kabla hujamaliza ya mkono mtupu.

Nazungumzia stendi za aina mbili. Ya kwanza ni ya gita moja: miguu mitatu na panda ya kushika shingo. Ya pili ni ya safu, yaani fremu ndefu yenye ubao wa chini na wa juu, magita manne matano yakikaa ubavu kwa ubavu, kama zile zinazokaa nyuma ya madhabahu kwenye makanisa mengi ya Nairobi.

Kabla ya ukaguzi wowote, ondoa gita. Lilaze kwenye kesi yake au kitandani. Stendi hujaribiwa kwa mzigo usiouma kuuangusha: pakiti mbili za unga za kilo mbili, ukizifunga pamoja, zinakaribia uzito wa gita zito la umeme, ambalo huwa kilo tatu hadi nne na nusu. Gita la kawaida la mbao lisilo la umeme lina takriban kilo mbili tu.

Dalili: stendi inayumba

Kwanza ujue inayumba namna gani, kwa sababu kuna kuyumba kwa aina mbili na dawa zake hazifanani. Bonyeza kona moja ya stendi. Mguu mmoja ukiinuka na kugonga sakafu, hiyo inabembea. Miguu yote ikibaki chini lakini fremu nzima ikaenda kushoto na kulia, hiyo imelegea.

Inayobembea, chanzo cha kwanza ni sakafu. Sakafu za nyumba nyingi za kupanga hapa mjini zina mabonde ambayo huyaoni mpaka uweke kitu chenye miguu minne. Zungusha stendi robo mzunguko, kisha robo nyingine. Kama mguu unaoinuka unabadilika kila ukizungusha, stendi haina kosa; bandika kipande cha raba chini ya mguu husika na uendelee na maisha. Kama ni mguu uleule popote uendapo, basi mguu ni mfupi au fremu imepinda.

Usikate mguu kwa macho. Ukikata huu, unajikuta unakata ule, na stendi inashuka kidogo kidogo bila kutulia. Isimamishe juu ya meza iliyonyooka au kigae kikubwa, ingiza vipande vya karatasi ngumu chini ya mguu mfupi mpaka stendi itulie, kisha chukua kipande cha ubao chenye unene unaozidi pengo hilo kidogo, kilaze mezani, weka penseli juu yake na uzungushe mstari kwenye miguu yote. Ukikata kwenye mstari huo, miguu yote itafika chini kwa pamoja.

Stendi ya miguu mitatu haibembei hata kwenye sakafu mbovu. Ikikuonyesha dalili hii, kuna kiungo kilicholegea, si urefu wa mguu.

Iliyolegea ina vyanzo vitatu, na vinafuatana hivi kwa wingi. Cha kwanza ni fremu isiyo na mshazari. Mbao nne zilizofungwa pembe kwa pembe hazina kinachozizuia kulala upande, hata skrubu ziwe ngapi. Pima kutoka kona hadi kona, pande zote mbili. Vipimo vikitofautiana, fremu imeshaanza kulala. Isukume mpaka vilingane, kisha funga ubao wa mshazari kwa nyuma, au pembetatu za plaiwudi kwenye kona mbili za juu. Pembetatu yenye pande za sentimita 15, kwa gundi na skrubu nne, hubadilisha stendi ya safu kabisa. Hapa ndipo skrubu inapofanya kazi yake.

Cha pili ni skrubu iliyoingia kwenye kichwa cha ubao, pale ulipokatwa. Nyuzinyuzi za mbao pale zinakwenda sambamba na skrubu, kwa hiyo haina cha kushika. Kaza, na ukiona inazunguka tu bila kufika mwisho, imeshakula tundu lake. Itoe, toboa tundu pana, gongomea kijiti cha mbao ngumu chenye gundi, acha siku moja, kisha toboa upya. Njia bora zaidi ni kupitisha kijiti cha mviringo kutoka ubavuni mwa ubao huo, ili skrubu ikitoka kichwani ikutane na kijiti na kukiuma kwa upande.

Cha tatu ni skrubu zilizokatika ndani bila wewe kujua. Zile nyeusi za kufungia jipsamu ni ngumu lakini zinavunjika ghafla, hazipindi. Ni za bei nafuu, kila hadwea inazo, na hazikutengenezwa kubeba kitu kinachosukumwa huku na huku. Tumia skrubu za mbao za rangi ya njano au nyeupe.

Dalili: kiungo kinaachia, kuna pengo ambalo halikuwepo

Hii ndiyo mama ya dalili zote, na chanzo chake kikubwa ni kimoja: mbao ilinunuliwa mbichi.

Ukienda Gikomba au Kariobangi hapa Nairobi, au kwenye yadi yoyote ya mbao, ukauliza kama mbao imekauka, jibu ni lilelile: "Imekauka kabisa, mkubwa." Huenda anayekujibu hakudanganyi. Imekauka kwa kazi yake yeye, ambayo ni kupaua nyumba. Kenchi halijali ubao ukisinyaa milimita tatu. Stendi yako inajali.

Omba ubao ukatwe mbele yako na uchukue unga wa msumeno kiganjani. Ukunje ngumi. Ukifungua na unga ukabaki donge, ubao ni mbichi. Ukitawanyika kati ya vidole, una nafuu. Gusa pale palipokatwa kwa upande wa ndani wa kifundo cha mkono: ubao mbichi una baridi ya maji hata saa saba mchana. Hizi ni dalili tu. Kipimo ni mizani ya jikoni.

Kata kipande cha urefu wa sentimita kumi kutoka katikati ya ubao, si mwishoni, maana mwisho hukauka mapema. Kipime. Kiweke kwenye oveni kwenye joto la karibu digrii 100, ukikipima tena na tena mpaka uzito uache kushuka. Toa uzito wa mwisho kwenye ule wa kwanza, gawanya kwa uzito wa mwisho, zidisha kwa 100. Kipande kilichoingia na gramu 120 kikatoka na 96 kilikuwa na unyevu wa asilimia 25. Kwa samani ya ndani ya nyumba unataka asilimia 12 au chini yake. Usiwashe oveni ukatoka nyumbani, na usipandishe moto ili uharakishe; ubao unaoungua hupunguza uzito pia, na hesabu inakuwa bure.

Mbao hupungua upana, si urefu. Ubao wa inchi sita ukitoka kwenye asilimia 25 kwenda 12 unaweza kusinyaa milimita kadhaa kwa upana, huku urefu wake ukibaki vilevile. Ndiyo maana kiungo kinachoachia ni kile ambapo ubao mmoja umelala kukatiza mwingine: mmoja unapungua, wa pili umekataa. Gundi iliyo katikati ndiyo inayolipa.

Na misimu yetu huficha jambo hili vizuri. Stendi iliyotengenezwa Aprili au Mei, wakati wa masika, hubana kila kitu. Ikifika Januari na Februari, jua kali na hewa kavu, viungo vinafunguka, na mwenye stendi anadhani gundi ilikuwa feki.

Kuhusu aina ya mbao: marufuku ya kukata miti kwenye misitu ya serikali ya Kenya, iliyowekwa Februari 2018 na ambayo rais alitangaza kuiondoa Julai 2023, ilizoesha soko kuuza mchanganyiko. Kwenye yadi moja utakuta saipresi, mukima iliyokatwa mashambani, na paini iliyovuka mpaka kutoka Tanzania. Zote zinatengeneza stendi nzuri. Ila mti wa shambani mara nyingi hukatwa, hupasuliwa na kuuzwa haraka kwa sababu mkulima anataka hela ya karo, kwa hiyo mukima ndiyo ya kupima kwanza. Kwa mtu asiye na haraka, dawa ni moja: panga mbao ndani ya nyumba, vipande vya fito katikati ili hewa ipite, pima ubao mmoja kila wiki, na usianze kazi mpaka uzito utulie.

Vyanzo vingine vya kuachia, kwa ufupi. Gundi ilipakwa juu ya vanishi au rangi: gundi nyeupe ya mbao hushika mbao, haishiki vanishi, kwa hiyo kwangua mpaka ubao uonekane. Gundi haikubanwa: inahitaji kibano kwa angalau nusu saa, heri saa moja, na mzigo usiwekwe kabla ya saa 24. Pengo lilikuwa kubwa tangu mwanzo: gundi nyeupe haijazi mapengo, ikikauka inasinyaa, kama pengo linaingiza ukucha, tumia epoksi ya mirija miwili au urudie kukata.

Kurekebisha kiungo kilichoachia, kifungue chote. Kupenyeza gundi mpya kwa juu ni kupoteza gundi, kwa sababu haishikamani na gundi ya zamani iliyokauka. Lainisha ile ya zamani kwa kitambaa kilicholowa siki ya moto, ikwangue, acha mbao ikauke kabisa, kisha gundisha na ubane.

Dalili: ubao umepasuka

Ufa ulioanzia kwenye skrubu: hukutoboa tundu kwanza, au skrubu iko karibu mno na mwisho wa ubao. Kwa skrubu namba 8, ambayo ina unene wa takriban milimita nne, toboa tundu la milimita tatu, na ukae sentimita nne au tano kutoka mwishoni. Ufa mwembamba unajazwa gundi na kubanwa. Ufa unaopita katikati ya mguu haujazwi, badilisha mguu.

Ufa kwenye kichwa cha ubao, mbali na skrubu yoyote, ni ubichi tena. Rudi juu.

Onyo moja hapa, kwa sababu nimeliona likifanyika kwenye yadi na kwenye nyumba za watu: usikate mbao kwa grenda iliyofungwa bamba la msumeno. Grenda imetengenezwa kwa ajili ya kukata chuma, si mbao. Meno yakishika kwenye fundo la mbao inaruka, na inarukia usoni au pajani. Kama huna msumeno wa mbao, yadi ileile uliyonunulia itakukatia kwa vipimo vyako kwa hela kidogo, na watakupigia randa pia.

Dalili: stendi inapinduka au gita linateleza

Kama stendi ilipinduka hata mara moja bila kuguswa na mtu, mtoto au paka, acha kuitumia leo. Haitajirekebisha.

Kwanza tazama kitu rahisi: gita liko sawa? Mkanda mzito unaoning'inia upande mmoja, au waya ulioachwa umechomekwa na kupita mahali watu wanapokanyaga, umeangusha magita mengi kuliko useremala mbaya.

Pili, mwegemeo. Mgongo wa stendi unapaswa kulala nyuma digrii 10 hadi 15. Bila kipimo cha digrii: kwa kila sentimita 60 za kwenda juu, uwe umerudi nyuma sentimita 10 hadi 16. Chini ya hapo gita linasimama wima mno na linakwenda mbele kwa kuguswa tu. Zaidi ya hapo uzito unarudi nyuma, na mguu wa nyuma usipokuwa mrefu wa kutosha, stendi inalala chali.

Tatu, na hapa usikadirie. Laza gita chali juu ya taulo iliyokunjwa kuwa bomba, ulisogeze mpaka lisimame bila kuelemea upande wowote. Hapo ndipo uzito wake unapokutana. Weka alama ya utepe wa karatasi usioacha gundi. Sasa liweke kwenye stendi, mtu akilishika, na kutoka kwenye alama teremsha uzi wenye nati mwishoni. Pale nati inapoelekea sakafuni pawe ndani ya eneo la miguu, na pabaki angalau sentimita kumi kabla ya kufika mstari unaounganisha miguu ya mbele. Fanya hivyo kwa nyuma na kwa pembeni. Stendi ya miguu mitatu, ambayo nimeisifu kwa kutobembea, hapa ndipo inapofeli: eneo lake ni pembetatu, na kona zinazokosekana ndizo gita linakoangukia. Tandaza miguu zaidi, au ongeza ubao wa msalaba chini ya mguu wa nyuma.

Kwa gita linaloteleza kutoka mahali pake, angalia vishikio vya chini. Viwe na mdomo mbele wa sentimita tatu angalau. Kina chake kiendane na gita: la umeme lina unene wa takriban sentimita 4.5, ilhali lile kubwa lisilo la umeme hufika sentimita 12. Stendi iliyokatwa kwa ajili ya la pili huliacha la kwanza likicheza. Kwenye stendi ya safu, ukiacha sentimita 17 au 18 kati ya gita na gita, kila aina inaingia.

Panda ya shingo ikae sentimita 65 hadi 75 kutoka kitakoni mwa gita, na nafasi yake iwe kama sentimita 6.5 baada ya kuwekwa pedi. Shingo za magita ya nyuzi za nailoni ni pana; ukikata panda kwa gita la umeme, la nailoni litakaa kwa kubanwa au halitaingia. Kwenye nyumba yenye watoto, funga kamba ya elastiki mbele ya panda.

Dalili: gita limepata doa au alama pale linapogusa stendi

Ukiona alama, usisugue kwanza. Uliza pedi yako imetengenezwa kwa nini.

Watu hufunika mbao kwa kilicho karibu: tyubu ya bodaboda, bomba la maji lililopasuliwa, mkeka wa mazoezi, patapata iliyokatwa vipande. Vitu hivi vya raba na plastiki laini vina kemikali za kuvilainisha, na kemikali hizo huhama polepole kwenda kwenye kile kinachoguswa. Gita lenye vanishi ya nitroselulosi haliwezani nazo. Vanishi inalainika, inakuwa na ukungu au inashika chapa ya pedi. Magita ya Gibson yanayotengenezwa Marekani hupakwa nitroselulosi. Magita mengi ya bei nafuu yamepakwa poliyurethani au poliesta, ambazo hustahimili zaidi. Kama hujui la kwako ni lipi, lichukulie kuwa ni la nitroselulosi. Usilijaribu kwa asetoni wala thina, hata sehemu iliyofichika. Jaribio lenyewe ndilo litakaloliharibu.

Kwa hiyo vyanzo, kutoka cha kawaida: uchafu na jasho vilivyonaswa kwenye pedi, rangi ya kitambaa kuhamia kwenye vanishi, kemikali za raba au plastiki, vanishi ya stendi yenyewe isiyokauka. Cha kwanza kinatoka kwa kitambaa laini chenye unyevu kidogo, kisha kikavu. Cha pili mara nyingine hutoka, mara nyingine hakitoki. Cha tatu hakifutiki: pale vanishi imebadilika, si imechafuka. Simama hapo. Kusugua kunaondoa vanishi iliyolainika na kubaki na shimo, na hiyo ni kazi ya fundi wa magita.

Pedi salama ziko palepale Gikomba, upande wa mitumba. Sweta ya sufu halisi isiyo na rangi kali, ikifuliwa kwa maji ya moto, hujikaza na kuwa nzito kama feliti. Pamba nene nyeupe iliyokunjwa mara nne inafaa. Koki, ile ya vizibo vya chupa za mvinyo, inafaa. Mkoba wa ngozi wa rangi ya asili unafaa, ule mweusi unaoacha weusi kidoleni haufai. Gundisha kwa gundi nyeupe, si ile ya viatu, ambayo nayo ina vimumunyisho. Na usidhani kitambaa chembamba juu ya tyubu kinatosha. Kemikali hupenya nacho kwa muda.

Tyubu na patapata usizitupe. Zibandike chini ya miguu ya stendi, kwenye vigae vinavyoteleza, mahali gita halifiki.

Dalili: vanishi inanata

Ulipaka nene, au ulipaka Julai kwenye baridi na mawingu, au mbao ina mafuta kama msaji, au haikukauka. Ipe wiki mbili mahali penye hewa. Ikibaki inanata, ondoa yote kwa msasa na thina, futa, paka upya nyembamba mara tatu. Thina isikaribie jiko la gesi wala la makaa. Fungua madirisha na uvae barakoa. Gita lisirudi mpaka vanishi iache kunuka ukiweka pua karibu.

Dalili: gita halishiki tyuni tangu liwekwe kwenye stendi

Stendi inalaumiwa bure hapa. Seti nyepesi ya nyuzi za chuma inaivuta shingo kwa nguvu inayozidi kilo 70 usiku na mchana; gita zima la kilo mbili kuegemea panda si kitu. Kinachobadilika ni mahali. Ndani ya kesi gita lilikuwa na hewa tulivu, sasa liko dirishani linapopigwa na jua la jioni, au ubavuni mwa friji, au mita moja kutoka kwenye meko. Hamisha stendi kwenye ukuta wa ndani wa nyumba.

Watengenezaji wengi hupendekeza unyevu wa hewa wa asilimia 45 hadi 55. Kipimo kidogo cha kidijitali si ghali, na kama Februari kinashuka sana, gita la mbao halisi likae kwenye kesi miezi hiyo pamoja na sponji lenye unyevu ndani ya kisahani cha sabuni kilichotobolewa. Sponji likamuliwe vizuri, lisidondoshe tone.

Dalili: unga laini chini ya stendi

Fagia, tandika karatasi nyeupe, angalia baada ya siku kadhaa. Unga ukirudi, na kuna vitundu vya ukubwa wa kichwa cha pini juu yake, wamo bungua na wanakula. Hupenda sehemu nyeupe ya mbao, ile iliyokuwa karibu na gome. Usipulize dawa ukaacha: ubao huo utoke nyumbani leo, na ukague gita lenyewe kwa tochi, hasa ndani ya tundu, kwa sababu nalo ni mbao. Ukikuta vitundu vipya kwenye gita, au mirija ya udongo ya mchwa ukutani nyuma ya stendi, waite watu wa kuua wadudu. Mchwa hawakuja kwa ajili ya stendi peke yake.

Kabla hujahamia ukutani

Wengi wakichoshwa na stendi huamua kutundika gita. Kwenye ukuta wa mawe inawezekana, kwa plagi na skrubu ndefu zinazopita plasta na kufika kwenye jiwe. Lakini usitoboe juu, chini wala usawa wa soketi na swichi. Ndiko nyaya zinakopita. Kama hujui nyaya zimepitaje, muite fundi wa umeme kabla ya drili. Ukuta ukilia mtupu ukigongwa, ni wa jipsamu: usitundike mpaka fundi akuonyeshe fremu yake ilipo.

Gita likishaanguka

Ukaguzi wa stendi usubiri. Angalia kichwa cha gita pale kinapoungana na shingo, kwa nyuma, kwenye mwanga wa pembeni. Magita yenye kichwa kilicholala nyuma, mfano wa Gibson, ndiyo huvunjika hapo yakianguka chali, na ufa unaweza kuwa mwembamba kama unywele. Angalia pia daraja, kile kipande kinachoshika nyuzi kwenye mwili wa gita, kama limeinuka, na sehemu ya mbele kama ina ufa.

Ukiona chochote, legeza nyuzi zote mara moja, polepole, ukienda kwenye kila moja kidogo kidogo. Usitie gundi yoyote, na hasa usitie supaglu: inakauka kabla hujapangilia ufa, na fundi atalazimika kukata mbao nzuri ili kuiondoa. Usiufunguefungue ufa kuangalia kina chake. Okota kila kibanzi sakafuni, hata kidogo kama punje ya mchele, ukitie kwenye bahasha, laza gita kwenye kesi bila kichwa kugusa kitu, na ulipeleke kwa fundi wa magita. Seremala aliyekukatia mbao za stendi, hata awe hodari namna gani, hii si kazi yake.